Waliojua Kwanza: Barua kutoka Chini ya Udzungwa

Mwalimu wangu mpendwa,

Natumaini michungwa ya hapo Muheza imezaa vizuri mwaka huu. Niko Mang'ula, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, chini kabisa ya Milima ya Udzungwa, ile uliyotuchorea ubaoni kwa chaki ya kijani ulipokuwa ukitufundisha jiografia. Uliahidi kwamba siku moja mmoja wetu atafika huku na kukuletea habari. Basi habari ndizo hizi.

Jambo la kwanza la kukuambia ni kwamba Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara ya kuipita ndani. Hapa si Serengeti wala Mikumi, ambako mgeni anakaa kwenye gari na kusubiri simba ajitokeze. Ukifika langoni unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, mnajaza maji kwenye chupa, kisha mnaingia msituni kwa miguu. Wapo wanaopanda asubuhi na kushuka jioni, na wapo wanaobeba mahema kwenda kulala huko juu kuelekea kilele cha Mwanihana. Wanaotaka kilele kirefu kuliko vyote, Luhombero, chenye mita 2,576, huzunguka hadi upande wa Iringa na kuanzia kijiji cha Udekwa.

Njia ya kuja huku ni nyepesi kuieleza. Ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara kuu ya Iringa, unashika kusini kwa kilomita kama 65. Pale Kidatu unavuka Mto Ruaha Mkuu, na hapo miwa inatawala: miwa kushoto, miwa kulia, matrekta yanayokokota miwa, na harufu ya molasi kutoka kiwandani. Halafu upande wa kulia unaona ukuta wa kijani umesimama wima kutoka kwenye tambarare. Hakuna vilima vidogo vya kukuandaa. Shamba linaishia, barabara inapita, nyumba chache, kisha mlima.

Ukuta huo ndio sifa kubwa ya hifadhi hii. Msitu unaanzia chini kabisa, mita kama 250 kutoka usawa wa bahari, unapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Kwingi Afrika Mashariki milima ya misitu imevuliwa nguo chini: msitu wa juu umebaki, wa tambarare ukalimwa. Hapa mvule na mkangazi wa joto la bondeni bado inapakana na miti ya ukungu na baridi ya juu, na nyani, ndege na mbegu wanapanda na kushuka bila kukuta shamba katikati. Serikali iliitangaza kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990, sehemu Morogoro na sehemu Iringa. Kabla ya hapo ilikuwa misitu ya akiba iliyogawanyika vipandevipande.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba Udzungwa ni kipande cha mwisho cha Tao la Mashariki, mnyororo wa safu 13 unaoanzia Taita, Kenya, ukapita Pare, Usambara yetu, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, hadi huku. Nilipokuwa shuleni nilikariri majina hayo kwa ajili ya mtihani. Huku nimeelewa kwa nini ulikuwa ukiyataja kwa sauti ya heshima. Miamba yake ni ya kale sana, na upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi umeinyeshea milima hii kwa mamilioni ya miaka. Kulipokuja vipindi virefu vya ukame Afrika, misitu ya bara ikarudi nyuma na mbuga za nyasi zikachukua nafasi, lakini huku mvua haikukoma. Viumbe waliobaki msituni wakatengwa na wenzao, kila safu ikawa kisiwa chake, wakaendelea kubadilika polepole kivyao. Ndiyo maana mwaka 1892 yule Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipoliona ua dogo la zambarau huko Usambara na kumpelekea baba yake Ujerumani, halikufanana na lolote walilokuwa nalo. Leo ua hilo limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani nzima, na wengi wanaolimwagilia maji hawajui kwamba kwao ni Tanga.

Udzungwa ina historia za namna hiyo kwa wingi, na nimezifuatilia moja baada ya nyingine. Nianze na ile iliyonigusa kuliko zote.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje. Homewood akasikia mlio kutoka mitini. Aliutambua mara moja, kwa sababu alikuwa amewatafiti nyani aina ya mangabei wa Mto Tana, Kenya, na mangabei ana mlio ambao ukiusikia mara moja huusahau: mwito mkubwa wa kupanda, kisha kama mtu anayesukutua maji kooni. Lakini mangabei hakuwa akijulikana kuishi Tanzania hii ya mashariki. Mto Tana uko mamia ya kilomita kaskazini. Wakamuuliza mwongozaji wao, mwenyeji wa hapa. Akawajibu pasipo kushangaa kwamba huyo ni ngolaga. Kijijini Sanje wakaonyeshwa mtoto wa ngolaga aliyekuwa anafugwa, yatima. Mwaka 1981 dunia ya sayansi ikatangaziwa nyani mpya.

Mwalimu, hebu fikiria jambo hilo. Tumbili mkubwa, anayetembea kwa makundi makubwa, mwenye sauti ya kusikika kutoka mbali, kilomita chache tu kutoka mashamba ya miwa ya kiwanda kikubwa, katika nchi yenye chuo kikuu na idara za wanyamapori, hakuwa kwenye kitabu chochote hadi 1979. Kila mzee wa Sanje alikuwa anamjua.

Nimewaona ngolaga kwa macho yangu. Lipo kundi ambalo limezoeshwa watu kwa ajili ya utafiti, na wageni huruhusiwa kulifuata wakiwa na mwongozaji. Tulilikuta asubuhi, ardhini, si juu mitini, kwa maana ngolaga hutumia muda mwingi chini akitafuta chakula. Jike mmoja alikaa hatua chache kutoka kwangu. Manyoya yake ni ya kijivu, tumboni yana wekundu wa chungwa uliofifia, uso mweupe wa kijivu, na nywele za kichwani zimesimama na kugawanyika. Alikuwa akipangua majani makavu kwa mikono yote miwili, kwa haraka na kwa mpangilio, upande huu, upande ule, kama mama anayechambua mchele kwenye ungo. Akapata mbegu ngumu. Akaiingiza mdomoni, akaipeleka nyuma kwenye magego, na nikasikia ikipasuka: ka! Mwongozaji akaninong'oneza kwamba meno yale ndiyo ufunguo wa maisha yake. Mbegu ambazo wanyama wengine huziacha kwa ugumu, yeye huzivunja, kwa hiyo hata wakati matunda ni haba hafi njaa. Mtoto alikuwa ameng'ang'ania tumboni kwake na kunitazama muda wote bila kupepesa.

Nyani huyo hapatikani kokote duniani isipokuwa katika misitu miwili ya milima hii: Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi, na ule wa Uzungwa Scarp ulio kusini, nje ya mipaka ya hifadhi. Huo wa pili umeumia sana kwa mitego na ujangili wa kitoweo. Ukipotea, ngolaga atabaki na msitu mmoja tu duniani. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani tangu nilipoambiwa.

Ya pili ni ya kwale. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini milimani humu. Chakula cha jioni kikapikwa. Mmoja wao akatazama ndani ya sufuria, akaona miguu ya ndege ambayo hakuweza kuitambua, na kazi yake maishani ilikuwa kutambua ndege. Kilichofuata ni msako, wakamkuta ndege mwenyewe akiwa hai msituni. Mwaka 1994 akaandikwa rasmi: kwale wa Udzungwa. Ajabu haikuishia hapo. Walipotafuta ndugu zake wa karibu hawakuwapata Afrika. Ndugu zake ni kwale wa misitu ya Asia. Maelezo ya wataalamu ni kwamba mababu zao walienea zamani sana, wakati misitu ilikuwa imeungana kupitia Uarabuni, kisha jangwa likaja katikati, na huku Udzungwa akabaki mmoja kama shahidi wa dunia ile. Ndege wa kuvutia hivyo alikuwa anapikwa kama kitoweo cha kawaida, na waliompika walijua anapatikana wapi na jinsi ya kumtega.

Halafu kuna kipunji. Hapa niseme kwa kifupi, maana habari zake zilisikika sana magazetini. Huko Mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyo kwa miaka mingi, na baadhi ya watu wakadhani ni wa hadithi tu. Timu ya Tim Davenport ikawafuatilia na kumwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata timu nyingine, ya Trevor Jones, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu huku Udzungwa, pasipo timu moja kujua ya nyingine. Mwaka 2005 wakatangaza kwa pamoja, na 2006 ikaonekana kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe. Jenasi mpya ya nyani ilikuwa haijapatikana Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilipata kipunji 1,117 tu, Rungwe na Ndundulu kwa pamoja.

Sange naye alinaswa na kamera. Mwaka 2005 mitego ya kamera iliyowekwa msituni na Francesco Rovero ilileta picha ya sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, tofauti na wote waliojulikana. Akapatikana, akapimwa, karibu gramu 700, mkubwa kuliko sange wote duniani. Unamwona ni kama panya mwenye pua ndefu na miguu ya swala, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo kuliko panya. Na mwaka 2009 kinyonga mpya akaandikwa kutoka msitu wa Magombera, hapa hapa chini ya mlima: mtafiti Andrew Marshall alimshtua nyoka, nyoka akatema alichokuwa amekishika, na alichokitema kilikuwa kinyonga ambaye sayansi haikuwa na jina lake.

Nimezipanga habari hizi makusudi, Mwalimu, uone kinachojirudia. Mara nyingi huwa tunasoma kwamba fulani kutoka Ulaya amegundua mnyama huyu mwaka fulani, na hatusomi kwamba kuna mtu wa kijijini aliyemwonyesha njia, aliyetaja jina, aliyepika, aliyesimulia. Watafiti wenyewe, wale waungwana, wameyaandika hayo kwenye taarifa zao. Ni sisi tunaofupisha habari tunaoyakata. Siyapunguzi makubwa waliyoyafanya kina Homewood na Davenport. Kumpima mnyama, kumlinganisha, kuthibitisha kwamba hayupo kwingine, na kuilazimisha dunia impe ulinzi ni kazi nzito, na bila kazi hiyo misitu hii pengine ingekuwa mbao. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa mwenyeji ndio uliokuwa mlango, na tunapaswa kuufundisha hivyo darasani.

Maporomoko ya Sanje nayo nimeyaona. Maji yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, na ndiyo picha ambayo wageni wengi wanakuja kuitafuta. Njia inapanda kwa kasi, mizizi imekuwa ngazi, na ukifika juu kuna mabwawa ya maji baridi ambamo watu huoga. Ukisimama pale unaiona tambarare yote ya Kilombero: miraba ya miwa, mashamba ya mpunga, reli, na mbali kabisa upande wa mashariki pori la Nyerere. Ni pazuri sana. Lakini niliposimama pale mawazo yangu yalikuwa kwenye maporomoko mengine, ya Kihansi, yaliyo kusini mwa milima hiihii, nje ya hifadhi, ambako kilitokea kisa kisichosahaulika.

Kihansi maji yalikuwa yakianguka kwa nguvu kubwa kwenye korongo, na chini pakawa na manyunyu mchana na usiku, mwaka mzima. Katika manyunyu hayo, mahali pasipozidi hekta mbili, waliishi vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wa kutosha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Hawatagi mayai majini kama vyura wengine. Huzaa watoto walio tayari, vyura kamili, wadogo kiasi cha kutosha kwenye ncha ya penseli. Waligunduliwa 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umeshaanza. Walikadiriwa kufika maelfu, na hapakuwa na wengine popote.

Bwawa lilipokamilika, maji mengi sana yakaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakauka. Kituo cha Kihansi kinazalisha megawati 180, na nchi ilikuwa na kiu ya umeme, sikuandikii kulaumu. Serikali na wataalamu walijaribu kutengeneza mvua ya bandia kwa mabomba. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. Uamuzi ule ndio uliowaokoa. Miaka mitatu baadaye ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulifika korongoni, na waliobaki wakaisha. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Alikuwa anaishi kwenye matangi ya vioo Marekani tu, akilishwa wadudu kwa zamu.

Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa nyumbani, wakapokewa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao. Ni nadra sana duniani chura aliyetoweka kabisa porini kurudishwa kwenye makazi yake. Na mpaka leo manyunyu yake yanategemea mabomba na watu wanaoyahudumia. Nikiwaza kwamba Watanzania vijana wamesomea kazi hiyo, wanapanda na kushuka korongo lile kwa ajili ya kiumbe mdogo kuliko sarafu, nafarijika kuliko nilivyofarijika kwa kuona mandhari yoyote ya safari hii.

Ujue pia kwamba milima hii ndiyo inayotuwashia taa na kutupa chakula, hata sisi tulio mbali. Mbali na Kihansi, kuna Kidatu, megawati 204, kwenye Ruaha Mkuu, jirani tu na hifadhi. Vijito vinavyoshuka kutoka Udzungwa vinaingia Mto Kilombero, na mto huo ndio unaoulisha Mto Rufiji sehemu kubwa ya maji yake, hadi kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mpunga wa Ifakara unaouzwa masoko ya Dar es Salaam unanyweshwa na maji haya haya. Sukari vilevile. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapa chini ya mlima. Mang'ula ilikuwa kituo kikubwa cha kazi cha wajenzi wa Kichina na Kitanzania, na wazee wanasimulia bado. Ukiendelea na treni kuelekea Makambako, kuanzia Mlimba unaingia sehemu ngumu kuliko zote, madaraja na mahandaki mfululizo, na humo ndimo wajenzi walipotokwa jasho na wengine wakapoteza maisha.

Sasa nije kwenye kinachonikera kidogo, nikuambie kama ninavyomwambia mzazi.

Vijiji vya Mang'ula, Sanje, Msolwa na vingine vimebanwa. Upande mmoja hifadhi, upande wa pili miwa. Hakuna msitu wa kijiji katikati. Kwa miaka mingi baada ya 1992, akina mama waliruhusiwa siku maalumu ya wiki kuingia kando ya hifadhi kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ikafungwa. Sababu za kufunga zilikuwa za kweli: njia za kuni zilikuwa pia njia za wategaji, na msitu wa chini ulikuwa unachoka. Lakini njaa ya kuni nayo ni ya kweli. Nilizungumza na mama mmoja anayepika chapati na maharage kando ya kituo cha basi. Jiko lake ni la udongo, la kuni chache, majiko ambayo yamefundishwa sana huku. Kuni zake zilikuwa matawi ya miti aliyoipanda mwenyewe mpakani mwa kiwanja chake, pamoja na mabua na vifuu. Akanionyesha miche mipya aliyoipanda nyuma ya choo. Hakuwa analalamika. Alisema tu kwamba kabla ya kuwaambia watu waache, waulizwe watapikia nini. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kununua chapati.

Kuna la tembo pia. Tembo wa Udzungwa, kinyume na wenzao wa nyikani, hupanda milima mikali ndani ya msitu mzito. Tumekuta vinyesi vyao mahali ambapo mimi nilikuwa natambaa kwa mikono. Tangu zamani walikuwa wakishuka na kuvuka bonde kwenda na kurudi upande wa Selous, ambayo sehemu yake kubwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mashamba yalipojaa bondeni, njia zao zikazibwa, moja baada ya nyingine, na wao wakabaki wakiingia mashambani usiku. Mkulima anayelala na mpunga wake unaokaribia kuvunwa na kuamka hana kitu, huwezi kumhubiria uzuri wa tembo.

Nimefurahi kuona kwamba watu hawajakaa kusubiri. Mpakani mwa hifadhi wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye nguzo, mzinga baada ya mzinga, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na tembo, pamoja na ukubwa wake wote, anaogopa sana kuumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho. Anarudi. Mwenye shamba anabaki na mazao na asali juu yake. Uzio hauzuii kila tembo, wenyewe wanakiri, na mizinga isipokuwa na nyuki ni mbao tu. Lakini nimeonja asali yake, nyeusi, nzito, na nimekuwekea chupa. Na ipo jitihada ya kuurudisha ushoroba wa zamani, vijiji vikakubali kuacha ukanda wa ardhi yao ili tembo wapite, na kwenye barabara kuu kukawekwa njia ya kupita chini yake. Watu wenye ardhi ndogo hivyo wakubali kumpa tembo njia! Mimi naona heshima yao haijaimbwa vya kutosha.

Mwalimu, mwanzoni mwa mwaka najua mtakaa kamati ya shule kupanga ziara ya wanafunzi. Nakuomba utie neno. Kila mara basi la shule linaelekea mahali palepale, na watoto wanarudi wameona simba aliyelala. Waleteni Udzungwa. Kwa raia kiingilio kinalipika, Mang'ula kuna nyumba za wageni za bei nafuu, na ukimwomba mwongozaji aliyezaliwa vijiji hivi atawaeleza mambo ambayo hayamo kwenye kipeperushi chochote. Njooni kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Waje na viatu vyenye meno, soksi ndefu kwa ajili ya siafu, koti la mvua hata kama ni kiangazi, na daftari.

Na kabla hamjapanda, wapelekeni kwanza kijijini Sanje wakae na wazee, wawaulize majina ya wanyama na miti, na wayaandike. Wazee wanaoyajua wanazidi kupungua, na wajukuu wao wengi wameshahamia mjini.



Wasalaamu,
Mwanafunzi wako